Futi Niliyoing'oa Kabla Haijaota

Skola mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko chumba cha pili, nakusikia unapigana na zipu ya begi, na begi linashinda. Mama yako amesimama mlangoni anakuhesabia masweta kana kwamba huko Mbeya hawajawahi kuyaona. Na kila baada ya dakika tano unauliza nyumba nzima nani ameona kiatu chako cheusi cha kushoto. Kuhusu kiatu, vuta subira. Kimo ndani ya barua hii, ila kiko mbele mbele.

Saa hizi ni alasiri. Mwanao Beno amelala hapa karakanani juu ya mkeka, mdomo wazi, ameshika randa niliyoitoa kisu. Mimi nimekaa kwenye benchi naandika kwa penseli ya kazi, kwenye karatasi ninazochoreaga makabati, kwa hiyo ukiona mahali nimeandika "mlango wa kushoto, bawaba tatu," ruka, hayakuhusu.

Mama yako ameshakuambia kuhusu chakula, kuhusu kusali na kuhusu wanaume. Kuhusu wanaume amekuambia mara mbili, na mara zote mbili Beno alikuwa mgongoni kwako, shahidi wa kutosha. Hapo sina la kuongeza. Langu ni lile ulilonitupia Jumapili tulipotoka misa ya kwanza. Ulinivuta pembeni ukasema:

"Baba, nafikiri Beno aende Namanyere kwa shangazi. Mama kutwa yuko sokoni na maharage yake, na huku kwako kuna misumeno. Halafu, baba... na wewe unajijua."

Nikasema, "Sawa, mama." Kisha nikaenda kununua maandazi. Ndivyo mdomo wangu ulivyo, jambo likiwa la maana unakimbilia kwenye maandazi. Ukasema neno la mwisho utalitoa kesho alfajiri kabla hujapanda basi: ama Beno abaki na mimi hiyo miaka miwili ya chuo, ama dada yangu Gaudensia aje mchana amchukue. Tangu Jumapili nimekaa na hilo "unajijua" lako kama mwiba wa samaki kooni. Sasa nimeamua kulijibu kwa penseli. Ni kweli, najijua. Ngoja nikusimulie ninavyojijua, maana wewe mwenyewe hukumbuki. Ulikuwa na miaka miwili na nusu, umri alio nao Beno leo.

Enzi hizo mama yako alikuwa akienda Namanyere kila Jumamosi kufuata maharage, anarudi jioni. Jumamosi ukawa wangu. Akina baba wengine wa hapa Mazwi, mtoto akiachwa nao, walikuwa wanamfikisha kwa bibi yake hata chai haijapoa. Mimi nikasema, hapana. Huyu nitamtembeza, nitamfundisha kazi za mikono, mpaka watu waulize baba yake ni nani. Umeona kosa lilipoanzia? Hapo hapo kwenye "mpaka watu waulize."

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya kwenda Mbizi, tukaone mbega msituni. Nikakutengenezea kiti cha kufunga kwenye keria ya baiskeli. Skola, sijisifu, lakini kile kilikuwa kiti! Cha mninga, kina mikono, kina mgongo, na mgongoni nimechonga maua. Ijumaa mchana kilikuwa kimeshakamilika na kimekauka. Fundi mwenye akili angekifunga kwenye baiskeli akaenda kula. Mimi nikakizunguka, nikakizunguka tena, nikaona bado kinataka mkono mmoja wa vanishi. Na ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya hapa kwetu unaijua, vanishi haikauki hata ukiiombea.

Asubuhi nilikigusa kwa kidole pembeni, nikajiambia, ah, kimekauka. Nikakupakia na gauni lako la maua ya njano, tukaondoka. Njia nzima watu wanasimama. "Eh, fundi Kalisto, hicho kiti kiboko!" Na mimi nanyonga polepole makusudi, wakione vizuri. Wewe umetulia kimya, nikawa nasema moyoni, mtoto mwenye adabu huyu, amemfuata baba yake. Kumbe umegandishwa.

Tulipofika chini ya mlima nikasimama kwa bibi mmoja kuomba maji ya kunywa. Nikakushika kwapani nikunyanyue. Ukanyanyuka wewe, kikanyanyuka kiti, na gurudumu la nyuma la baiskeli likaacha ardhi. Nikajaribu tena kwa nguvu, ukapiga yowe mpaka mbuzi wakakimbia. Yule bibi akaja akainama, akachungulia, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba, mtoto umempigilia misumari?"

Akaleta kisu cha jikoni, akakata gauni pande zote ulipokaa. Ukatoka na chupi na mabega ya gauni, akakufunga kitenge chake kifuani. Mimi nimesimama pale sijui mikono niiweke wapi. Na wewe, badala ya kulia, ukaona kuku wake ana vifaranga. Basi. Ukachuchumaa. Ulikaa na yule kuku karibu saa mbili nzima, ukimwambia mambo, na kila nilipokuambia "twende mlimani tukaone mbega" ukanijibu "nyamaza, watoto wanalala." Mbega wa Mbizi, mwanangu, mpaka leo hatujawaona.

Kiti hicho ninacho, na kitambaa cha maua ya njano bado kimo, hakikubanduka. Beno anakikalia anapokunywa uji wake wa ulezi. Mwezi uliopita aliniuliza kwa nini kiti kimevaa nguo. Nikamwambia kilisikia baridi, akakubali, na jana nilimkuta amekifunika na sweta lako moja. Kwa hiyo hesabu ya masweta ya mama yako ikipungua moja, usibishane naye.

Miaka mingi sana nilisimulia habari hiyo nikiilaumu vanishi. Kosa halikuwa la vanishi. Nilikuwa nimekwenda kutembeza kiti, na wewe nilikubeba tu ili kiti kisionekane kitupu.

Nikajirekebisha? Thubutu. Nikaamua tuache matembezi ya mbali, tufanye sanaa. Nikakupeleka kule Izia kwenye kijito, penye ule udongo laini, tufinyange ng'ombe. Jirani na hapo alikuwa amehamia mzee mmoja Msukuma, Mzee Masanja, ana ng'ombe wake anawanywesha pale. Nilifinyanga ng'ombe mwenye pembe, masikio, mkia, hata kwato nilizichora kwa kijiti. Wewe ulifinyanga bonge lenye miguu mitano.

Nikakuambia, "Mama, ng'ombe ana miguu minne." Nikaung'oa wa tano. Halafu nikaona mgongo umepinda, nikaunyoosha. Halafu kichwa hakikukaa vizuri, nikakitoa nikakipachika upya. Nilipoinua macho, mimi nina ng'ombe wawili na wewe huna hata mmoja. Ukalia, Skola, ukalia mpaka ukapata kwikwi. Mimi nakubembeleza, "Si huyu hapa wako, tazama alivyopendeza!" Unanisukuma mkono.

Mzee Masanja akasogea na fimbo yake. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. Akawatazama wale ng'ombe wangu wawili kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kujiandaa kusifiwa. Akasema, "Wazuri. Ila hawa hawajawahi kula majani." Akageuka akakuona wewe, ambaye katikati ya kilio ulikuwa umeshakamata bonge jingine la udongo, lile halina mguu hata mmoja. Mzee wa watu akachuchumaa, magoti yakalia. Akalitazama lile bonge, akaligusa ubavuni kwa kidole kimoja.

"Huyu ana mimba," akakuambia. "Yuko karibu. Mlaze kivulini, asisumbuliwe."

Kilio kikakatika hapo hapo. Ukamkatia majani, ukamlaza, ukakaa kumlinda mpaka jua likapinda. Na kila Jumamosi baadaye, Mzee Masanja akituona tu, badala ya salamu anauliza kwa mbali, "Amezaa?" Na wewe unajibu, "Bado, anapumua." Mtu aliyelala na kuamka na ng'ombe maisha yake yote alimwona ng'ombe pale. Mimi ninayekutana naye zaidi kwenye supu nikajifanya ndiye mjuzi.

Ungesema sasa baba amejifunza. Ngoja, hatujafika kwenye futi.

Habari ya futi unaijua, mama yako anaisimulia kila Krismasi na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini anaisimulia nusu. Nusu nyingine tunaijua mimi na yeye tu, na yeye kwa huruma yake anairuka. Leo nakupa yote.

Ilikuwa mwezi wa pili, majani marefu, wakati wa kufukia. Unajua sisi Wafipa na matuta yetu: unakata majani, unayarundika, unayafunika kwa udongo, linakuwa tuta la mviringo, wazee wanaliita ntumba. Majani yanaoza ndani, juu unapanda maharage, mwaka unaofuata unatawanya ule udongo uliorutubika unapanda ulezi. Mama yako alialika wanawake wa mtaa, akapika pombe ya ulezi, wakaingia shambani Izia siku mbili wakiimba. Shamba likajaa matuta mpaka kule juu. Na wewe, kama mtoto yeyote, ulikuwa miguuni mwao ukiuliza. "Majani mnayaweka wapi?" "Tunayazika." "Yatakuwa nini?" "Yatakuwa chakula, kingi kitaota." Nani alidhani unasikiliza?

Siku ya tatu futi yangu ikapotea. Ile futi ya chuma ya kuvuta, ya kupimia, aliyoniachia fundi aliyenifundisha kazi. Nilikuwa na kabati la bibi harusi linatakiwa, na bila futi mimi ni mtu tu mwenye mikono. Nikatafuta wiki nzima. Mwishowe nikaamua imeibwa, na aliyeiiba ni Zakaria, jirani yetu, kwa sababu moja tu: naye ni fundi, na wiki ile alikuwa ametengeneza stuli iliyonyooka. Nikaenda kwake nikamwita mwizi mbele ya mke wake na mkwe wake aliyekuja kusalimia kutoka Namanyere. Mkwe, Skola!  Zakaria alinyanyuka, akaleta futi yake, ya mbao, ya kukunja, imekatika upande mmoja, akanipa niitumie. Nikarudi nyumbani nimebeba aibu na futi ya mbao.

Jioni nikiwa nanung'unika, wewe ukaja na habari njema. Uso unang'aa. "Baba, usigombe. Nimeipanda."

"Umepanda nini?"

"Futi. Zitaota nyingi. Moja yako, moja ya baba Zakaria."

Nikakuuliza kwenye tuta lipi. Ukanyoosha kidole kwenye shamba zima.

Mama yako huwa anaendelea hivi: fundi Kalisto akachukua jembe, akaanza kubomoa matuta moja baada ya jingine kama fuko aliyepandwa na wazimu, maharage ndiyo kwanza yamechungulia, mpaka wanawake walioyalima wakapita njiani na madumu yao ya maji, wakasimama, wakatua madumu chini wapate kucheka vizuri. Na futi ikapatikana tuta la mwisho kabisa kwenye mstari, pembeni kabisa, ambalo ningeanzia upande ule ningelibomoa la kwanza. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao.

Hasimulii kwamba nilikuita. Ulikuja mbio, ukidhani naifurahia. Nikakuambia unyooshe mikono, ukanyoosha, viganja juu, ukidhani nakupa kitu. Nikakuchapa viganja viwili kwa ile futi.

Haikuwa kwa nguvu. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, haikuwa kwa nguvu. Ulinitazama, hukulia, na hapo ndipo ningetamani ungelia. Ukaitazama futi, imejaa udongo, ukasema, "Umeing'oa kabla haijaota."

Jumamosi iliyofuata nikakuambia twende kijitoni. Ukaniambia, "Nina kazi." Mtoto wa miaka mitatu! Nikauliza kazi gani, ukasema, "Ya kukaa." Ukaenda ukakaa mlangoni. Jumamosi nyingine vile vile. Nikakuletea udongo mpaka nyumbani kwenye karai, hukuugusa. Nikakuchongea mwanasesere wa gunzi la mahindi, ukampokea vizuri, ukasema asante baba, ukamweka chini. Mzee Masanja akaniuliza kule mtoni, "Fundi, yule ng'ombe amezaa?" Nikamdanganya kwamba una mafua. Ukarudi kucheza, ndiyo, mvua ziliposimama ulikuwa unacheza tena, na mama yako, na bibi yako, na hata na Zakaria. Kwangu ulikuja polepole sana, na tangu hapo kila ulichotengeneza ulinionyesha kikiwa kimekwisha. Mpaka barua ya chuo umenionyesha ikiwa imegongwa muhuri. Sikukuuliza kwa nini, maana najijua.

Kwa Zakaria niliomba msamaha. Nilipeleka jogoo, tukamla pamoja, yakaisha. Kwako sikuomba, kwa sababu ulikuwa mdogo, nikasema atasahau. Na ulisahau kweli, lakini mimi sikusahau, na kumbe kitu kinaweza kusahaulika na bado kikabaki. Nisamehe, mwanangu. Nakuomba ukiwa mtu mzima na begi lako mkononi, nimechelewa, lakini nakuomba.

Nilikuwa nimefika hapo, Beno akaamka. Mistari minene unayoiona hapo pembeni ni yake. Nimemuuliza ni nini, amesema basi. Nikauliza abiria wako wapi, amesema wameshuka kukojoa. Sikuongeza gurudumu hata moja, Skola. Mkono uliniwasha, nakuambia ukweli, gurudumu moja liko juu ya paa. Nimeliacha huko huko.

Sasa kiatu.

Unajua mwezi uliopita nilimtengenezea Beno tuta lake nyuma ya jiko. Watu walinicheka, mwezi wa kumi huu, mvua bado, nani anafukia majani sasa? Nikasema ni tuta la mazoezi. Amezika humo magunzi, ameongeza na kijiko, mama yako anakitafuta mpaka leo, naomba usimwambie. Jana, ulipokuwa umekwenda kuaga kwa mama yako mdogo, nikamwona anatoka nyuma ya jiko na kopo tupu la majarini, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Anatembea kwa haraka ya mtu mwenye shamba. Anachota maji kwenye ndoo, anarudi. Nikamfuata.

"Babu Beno," maana namwita hivyo akiwa na shughuli, "umepanda nini leo?"

"Kiatu cha mama."

Nikaona kisigino kimechungulia. Ni kile cheusi, cha chuo, ulichokipaka rangi Jumamosi mpaka ukajiona usoni. Nikajua kesho kutwa unaanza chuo na wanataka viatu vyeusi. Na sitakuficha kitu, Skola, mkono wangu ulikuwa umeshashika jembe. Nililishika kabla sijafikiri. Miaka yote hii, na mkono ni ule ule.

Nikauliza nikiwa nalo mkononi, "Umekipanda ili iweje?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Mama akienda, aote mwingine."

Nililirudisha jembe ukutani. Nikachukua lile kopo, nikamwambia nionyeshe unavyomwagilia. Nikamwagilia. Akaninyang'anya, akasema mimi namwaga mengi, kitaoza. Ni kweli namwaga mengi. Tukachuchumaa pale wote wawili mpaka magoti yangu yakalia kama ya Mzee Masanja, tunatazama kisigino. Mimi nililia kidogo. Yeye alidhani nimeingiwa na moshi wa jikoni, akanipulizia jicho.

Tangu jana nakusikia unamsingizia mbwa wa Zakaria. Nimeshindwa kujizuia kucheka. Ukoo wetu huu, kitu kikipotea, wa kwanza kushtakiwa ni nyumba ya Zakaria! Mbwa wa watu hana hatia, kamwombe radhi hata kwa mfupa. Leo mchana nilikwenda sokoni nikakununulia viatu vingine vyeusi, viko chini ya benchi, vimefungwa gazeti. Si vizuri kama vile, vinabana kidogo vidoleni, lakini ni vyeusi na viko viwili.

Kwa hiyo kesho alfajiri utaamua. Namanyere kuna mambo mazuri, sikatai. Gaudensia ana upendo, ana televisheni, ana makochi yenye vitambaa, na hana msumeno hata mmoja. Ukisema aende, sitanuna. Nitanuna kidogo. Nitampeleka mwenyewe, na tuta tutalibeba kwenye karai juu ya basi, shangazi yako atalitafutia mahali sebuleni.

Ukisema abaki, misumeno nimeshaitundika juu, hata mimi sasa naifikia kwa stuli. Jumamosi tutakwenda matembezi yetu. Anapenda stendi, tunakaa kwenye lile gogo tunatazama mabasi yakirudi nyuma, na yeye anayaelekeza kwa mkono, "Njoo, njoo, kata!" Mpaka sasa hajagongesha hata moja. Mbizi tutakwenda pia, na tukikuta kuku njiani tutaishia kwa kuku. Siahidi kwamba sitashika jembe tena. Naahidi nitamuuliza kwanza.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa kuwa hicho ndicho utakachokishika ukimlaani mwenzake. Ukimaliza kuisoma usiniite, mdomo wangu utakimbilia kwenye maandazi. Amua tu, na lolote utakaloamua mimi ni baba yako. Lakini nakuomba kitu kimoja kabla hujapanda basi. Utapita nyuma ya jiko kunawa uso, utakiona kisigino. Usikichimbue. Safari hii naomba tukiache kiote.

Mimi baba yako, ninayejijua,

Kalisto